Kikikipika

Shangazi alicheka mpaka akavua miwani. Karatasi niliyompa ilikuwa na maneno kumi na matano tu, moja chini ya jingine, na alikuwa ndiyo kwanza amefika la pili.

"Ninanipika," akasoma kwa sauti. "Unajipika, mwanangu? Kwa nazi au kwa maji matupu?"

Tulikuwa barazani kwake, Tanga, saa kumi jioni, jua limeshapungua makali. Shangazi alifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na kitu. Sasa amestaafu, lakini kalamu nyekundu hakuiacha shuleni. Nilikuwa nimemwendea na mradi ambao mimi niliuona mdogo: programu ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Nilichoshwa na ule mstari mwekundu unaojichora chini ya "wanatupikia" kana kwamba nimeandika lugha ya majini.

Wazo langu lilikuwa jepesi. Kitenzi cha Kiswahili ni vipande vilivyogundishwa. Kuna kipande cha nafsi au ngeli, kipande cha njeo, yaani wakati, kipande cha yambwa, yaani anayetendwa, kama yupo, halafu shina. Weka kila aina ya kipande kwenye safu yake, ile ambayo vijana wa kompyuta wanaiita arei. Chukua kimoja kutoka kila safu, gundisha, umepata neno. Rudia kwa kila mchanganyiko unaowezekana, na hapo una orodha ya vitenzi vyote bila kumsumbua mtu kuviandika.

"Na wengine wamekwenda wapi?" Shangazi alikuwa ameshajifuta machozi na kurudisha miwani puani. "Humu ni nina, nina, nina mpaka chini. Hakuna alipika? Hakuna watapika?"

Hilo la kujipika nilikuwa nimeliona mwenyewe na kulidharau. Hili la pili sikuliona kabisa, nami ndiye niliyeichapa karatasi.

Nieleze nilichokuwa nimeandika. Safu ya nafsi na ngeli ilikuwa na vipande 14: ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa. Njeo zilikuwa 8: na, li, ta, me, ki, ka, nge, ngali. Yambwa zilikuwa 15, ya kwanza ikiwa tupu, maana si kila kitenzi kinabeba yambwa, kisha ni, ku, m, tu, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi, pa na ji. Shina la majaribio lilikuwa moja, "pika". Kwa hiyo nilitegemea 14 × 8 × 15, yaani maneno 1,680. Msimbo wenyewe:

```
yambwa = open("yambwa.txt")

for n in nafsi:
    for nj in njeo:
        for y in yambwa:
            print(n + nj + y.strip() + "pika")
```

Lupu, yaani agizo la kurudia kazi kwa kila kitu kilichomo kwenye safu, ndani ya lupu ndani ya lupu. Hata mwanafunzi wa wiki ya pili anaisoma. Kosa liko mstari wa kwanza. Nafsi na njeo nilikuwa nimeziandika kama safu za kawaida, lakini yambwa niliiacha kama faili lililofunguliwa. Faili lililofunguliwa husomwa mara moja tu, halirudi mwanzo lenyewe. Lupu ya ndani ilipozunguka kwa mara ya kwanza, "ni" na "na" zikiwa zimesimama mlangoni, ililisoma faili lote mpaka mwisho na kutoa maneno yake 15. Ilipofika zamu ya "ni" na "li", ikakuta kasha tupu. Haikulalamika, kwa lupu, faili lililokwisha si kosa, ni kazi iliyomalizika. Ikazunguka hivyo mara 111 zaidi, kila mara inakuta hamna kitu.

Ni kama kumtuma mtoto achote maji kwenye ndoo moja kuwajazia watu 112 vikombe 15 kila mtu. Wa kwanza anakunywa, wengine wanapewa vikombe vitupu, na mtoto anarudi kukuambia kazi imekwisha.

Dawa yake ni kuisoma faili yote kwenye safu kwanza, ndipo uzungushe. Python, lugha ya kompyuta niliyoandikia msimbo huu, inayo zana iliyo tayari kwa kazi hii yote, `product`, ndani ya maktaba ya `itertools`, tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008. Jambo la kwanza inalofanya ni hilohilo: inamimina kila unachoipa kwenye hazina yake yenyewe kabla ya kutoa mchanganyiko hata mmoja. Ndiyo maana huwezi kuipa safu isiyo na mwisho, kwa mfano namba zote kuanzia sifuri. Itakaa inamimina mpaka kompyuta iishiwe pumzi.

```
from itertools import product

for kundi in product(nafsi, njeo, yambwa, mashina):
    print("".join(kundi))
```

Wanahisabati huliita zao hili kwa jina la Descartes, Mfaransa aliyechapisha jiometri yake mwaka 1637 na ambaye kwa Kilatini aliitwa Cartesius. Kila nukta ya karatasi ya grafu ni jozi: namba moja kutoka mstari wa chini, nyingine kutoka mstari wa wima. Mimi nilikuwa na mistari minne badala ya miwili, na badala ya namba nilikuwa na "ni" na "ngali".

Basi nikarudi kwa Shangazi na karatasi za maneno 1,680, safu sita kila ukurasa, herufi ndogo. Sikupata karipio nililolitegemea. Alianza kupekua na kalamu yake, huku anavuta midomo, na alipofika mahali fulani akatulia. Nilichungulia. Ilikuwa "kikikipika".

"Hilo ni la kompyuta, Shangazi. Lifute tu."

"Kwa nini nilifute?" Akaweka alama ya vema pembeni, taratibu, kama anavyofanya mtu anayejua kwamba anatazamwa. "Chombo kikikipika chakula vizuri, kinunue."

Nikahesabu: ki ya chombo, ki ya sharti, ki ya chakula. Safu tatu tofauti, kila moja imetoa ki yake. Mimi niliyelelewa kwa lugha hii jicho langu lililiona neno sahihi likadhani ni lupu iliyokwama, na programu isiyojua hata maana ya kupika ilikuwa imelipata. Tangu siku hiyo nimeacha kufuta kwa jicho.

Kisha akataka zaidi. Walimu ndivyo walivyo. "Mbona hujaweka vinyambuo? Pikia, pikwa, pikisha, pikana, pikika. Na o-rejeshi iko wapi? Anayepika. Kilichopikwa." Na bila shaka nisingebaki na kitenzi kimoja, nilikuwa na mizizi 400 ya kuanzia.

Hapo ndipo tatizo la kweli la kazi hii linapojitokeza. Kuandika lupu tatu ni rahisi. Ukiongeza vinyambuo unaandika ya nne na ya tano, ukiongeza rejeshi ya sita, na kila Shangazi anapokumbuka kitu unarudi kusogeza msimbo wote kuelekea kulia. Unachotaka ni kazi isiyojali safu ni ngapi. `product` inafanya hivyo, lakini nashauri uiandike mwenyewe walau mara moja, kwa sababu ndani yake kuna mstari mmoja unaofundisha kitu:

```
def zote(safu):
    if not safu:
        yield ()
        return
    for kitu in safu[0]:
        for mkia in zote(safu[1:]):
            yield (kitu,) + mkia
```

Maneno yake ni haya: ili kupata michanganyiko yote ya safu sita, shika kila kitu cha safu ya kwanza, na mbele ya kila kimoja tundika kila mchanganyiko wa safu tano zilizobaki. Za tano zinapatikana vilevile, na za nne, mpaka ukose safu. Ukikosa safu kabisa, unajibu nini? Wengi, nami nikiwamo, mara ya kwanza tunajibu "hamna" na kurudi mikono mitupu. Matokeo yake programu nzima haitoi neno hata moja. Jibu sahihi ni mchanganyiko mmoja, ulio mtupu. Bila safu yoyote kuna namna moja tu ya kuchagua, ambayo ni kutochagua. Moja ndiyo mwanzo wa kuzidisha. Ukianza na sifuri, zidisha upendavyo, ni sifuri.

Wenzetu wa JavaScript wanalipata hilohilo kwa `reduce` na `flatMap`, ambayo iliingia rasmi kwenye lugha yao mwaka 2019, na wakitaka ifanye kazi hata pasipo safu, nao huanza na safu yenye safu moja tupu ndani yake. Mabano mawili yale, `[[]]`, yanaonekana kama mtu amekosea kuandika. Hajakosea.

Utupu huu ulinitesa kwa njia nyingine pia. Nilisema yambwa ya kwanza ilikuwa tupu. Kwenye faili langu ulikuwa mstari mtupu, juu kabisa. Siku moja nikalifungua faili hilo kwa kihariri nilichokuwa nimekipanga mwenyewe kifute mistari mitupu kila ninapohifadhi. Kikafuta. Kesho yake programu ikawa inakataa "anapika" na "tulipika" na kila kitenzi kisicho na yambwa, huku "anakipika" na "tulimpika" zikipita salama. Hakuna ujumbe wa kosa. Ningekesha kwenye msimbo kama nisingehesabu. Kwa "pika" peke yake yalitoka maneno 1,568 badala ya 1,680. Pungufu ni 112, na 112 ni 14 × 8, yaani nafsi mara njeo. Pungufu lenyewe likanielekeza: safu iliyobaki nje ya hesabu hiyo ndiyo iliyopoteza kitu kimoja. Tangu hapo, kabla sijachapa chochote, nazidisha kwanza urefu wa safu zote na kulinganisha na kilichotoka. Ni mstari mmoja wa msimbo na umeniokoa mara nyingi kuliko zana yoyote niliyowahi kuilipia.

Safu yenye kitu kitupu ndani yake inasema "unaweza kutoweka chochote hapa." Safu tupu inasema "huwezi kuchagua," na inaua kila kitu kilicho kushoto na kulia kwake.

Na siku nilipojaribu kuwa mjanja kwa kuweka utupu kwenye safu ya nafsi pia, ili nipate "hupika" ambayo haina nafsi, nilipata "tapika". Shangazi alilizungushia duara na kuandika pembeni: *Pole.*

Turudi kwenye hesabu. Nafsi 14, njeo 8, yambwa 15, mizizi 400, vinyambuo 6: maneno 4,032,000. Kompyuta yangu iliyameza, kwa kuvuta miguu. Kisha nikaongeza safu ya rejeshi, vipande 11 vifupi vikiwamo ye, cho, vyo, zo, po na ule utupu. Vipande kumi na kimoja ambavyo ungeweza kuviandika kiganjani. Hesabu ikawa 44,352,000. Mimi bila kufikiri nikaandika `list(product(...))`, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi feni inavuma kama mashine ya kusaga na kishale kimeganda. Kila kundi la vipande sita, kwenye Python niliyokuwa nayo, lilichukua baiti 88 hivi, na safu kubwa inahitaji baiti 8 nyingine kulikumbuka kila kundi lilipo. Zidisha kwa milioni 44 na ushei: zaidi ya gigabaiti 4. Kompyuta yote ilikuwa na gigabaiti 4. Sikukosea kanuni yoyote ya lugha. Nilikosa adabu tu ya kuuliza bei kabla ya kuagiza.

Dawa ya kwanza ni kutozihifadhi. `product` yenyewe haitoi yote kwa mkupuo, inatoa kundi moja kila unapoliomba, na `yield` kwenye msimbo wangu hapo juu inafanya vivyo hivyo. Ukilitumia na kuliacha liende, kumbukumbu haijazwi. Lakini hata hivyo, ukiyasoma maneno 44,352,000 kwa kasi ya neno moja kila sekunde, ni siku 513 na saa 8 bila kulala. Nilimwambia Shangazi. Akasema yeye ana mazishi Jumamosi.

Kwa hiyo nilihitaji kumletea sampuli, na sampuli ya haki, si maneno 200 ya mwanzo ambayo yote yangekuwa nina, nina, nina. Hapa ndipo pana kitu kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye somo hili. Tazama kile kisanduku cha namba kwenye dashibodi ya gari kinachohesabu kilomita. Gurudumu la kulia kabisa linazunguka haraka. Likimaliza mzunguko, la pembeni yake linasogea hatua moja. Lupu zetu ni kisanduku hichohicho, isipokuwa kila gurudumu lina idadi yake ya meno: 14, 8, 15. Saa ya ukutani nayo ndivyo ilivyo: sekunde 60, dakika 60, saa 24. Na kama unavyoweza kuambiwa "sekunde ya 50,000 ya leo" ukajua ni saa ngapi bila kuhesabu sekunde zote zilizotangulia, ndivyo unavyoweza kuitisha neno la 1,000 bila kutengeneza yale mengine.

Tufanye kwa "pika", tukihesabu kuanzia sifuri. Gawa 1,000 kwa 15: unapata 66, baki 10. Yambwa namba 10 ni ki. Gawa 66 kwa 8: 8, baki 2. Njeo namba 2 ni ta. Iliyobaki ni 8, na nafsi namba 8 ni ya. Neno ni "yatakipika". Mafuta haya yatakipika chakula. Kwa msimbo:

```
def neno(k, safu):
    vipande = []
    for s in reversed(safu):
        k, baki = divmod(k, len(s))
        vipande.append(s[baki])
    return "".join(reversed(vipande))
```

Kugawanya mara sita, umelifikia neno lolote kati ya milioni 44. Nikawa nachagua namba 200 za bahati nasibu, nazigeuza maneno, nachapa ukurasa mmoja, napanda daladala kwenda kwa Shangazi. Kila wiki ukurasa mmoja. Anasahihisha, tunakunywa chai, narudi na kanuni mpya.

Kanuni zenyewe ndizo zilizonionyesha kwamba `product` ina dhana moja kubwa isiyosemwa: kwamba magurudumu hayajuani. Kiswahili chetu magurudumu yanajuana sana. Mwanzoni niliweka vinyambuo kama safu ya mikia: a, ia, wa, isha, ana, ika. Kwa "pik" ni sawa. Kwa "som" ikatoka "somia" na "somisha". Shangazi hakucheka safari hii, alisikitika. Mzizi wenye e au o unataka ea, esha, eka: somea, somesha, someka. Safu ya vinyambuo si moja, inategemea mzizi uliokwisha kuushika. Hapo lupu za kawaida, zile za mwanafunzi wa wiki ya pili, zinaishinda `product`, kwa sababu lupu ya ndani inaweza kuiuliza ya nje "umeshika nini?" kabla ya kuamua izunguke wapi. `product` haiulizi.

Kuna yambwa na kutendwa. Karatasi moja ilijaa "nilimpikwa", "watakipikwa", "tungeyapikana". Shangazi: "Ukishasema pikwa, anayepikwa yuko mbele ya neno tayari. Unamtafuta tena katikati wa nini?" Katika vinyambuo vyangu sita, vitatu havitaki yambwa: pikwa, pikana, pikika. Kwa hiyo kati ya yale maneno 10,080 ya "pika" bila rejeshi, yanayoruhusiwa na kanuni hii ni 14 × 8 × (3 × 15 + 3 × 1), yaani 5,376. Yaliyobaki 4,704 ni takataka, karibu nusu. Unaweza kuyazalisha yote kisha uchuje. Lakini ukipanga lupu ya vinyambuo itangulie ya yambwa, ukiona umeshika "pikwa" huingii kabisa kwenye zile yambwa nyingine 14. Anayekataa wageni asimame getini, asisubiri sebuleni.

Kuna vitenzi vya silabi moja. "Ninala" si neno, ni "ninakula"; lakini ukiweka yambwa, ku inaondoka: "ninakila". Kanuni inayotazama magurudumu matatu kwa mpigo.

Na kuna ile ya kujipika. Nilidhani ni rahisi: nafsi na yambwa zikiwa mtu yuleyule, kataa, isipokuwa nafsi ya tatu, maana "anampika" ni mtu na mtu mwingine. "Ninanipika" ikafutwa. "Unakupika" nayo Shangazi aliifuta kwa mstari mmoja mrefu. Dakika mbili baadaye alirudi nyuma kurasa, akaupiga mstari wake mwenyewe alama ya kuufuta, na kuandika juu: *moto!*

Moto unakupika. U ile si wewe, ni ya ngeli ya moto na mti na mkono. Kwenye safu yangu u ilikuwa herufi moja, lakini ndani yake walikuwa wamekaa watu wawili wa sura moja, mmoja haruhusiwi kupita na mwingine anaruhusiwa. Ilibidi nivunje safu yote na kuiandika upya: kila kipande kibebe sura yake pamoja na utambulisho wake, u ya nafsi ya pili mbali, u ya ngeli mbali, i ya umoja mbali na i ya wingi. Michanganyiko ikaongezeka, kwa kuwa `product` hutofautisha vitu kwa nafasi vilipokaa kwenye safu, haina habari kama vinafanana sura. Maneno yakatoka mara mbilimbili, nikayapitisha kwenye `set` yabaki ya kipekee.

Kazini kwangu, miaka ya nyuma, nilishawahi kumwona mnyama huyuhuyu bila kumjua jina. Mtu aliunganisha jedwali la wateja na jedwali la ankara kwenye SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, akasahau sharti la kuziunganisha. Kila mteja akapewa kila ankara. Wateja elfu tatu na ankara elfu tano ni mistari milioni 15, na ripoti ya asubuhi ilifika jioni. Yule mtu alikuwa mimi.

Mwisho wa yote niliacha kuzalisha. Tazama: safu zangu sita za mwanzo zina vipande 14 na 8 na 11 na 15 na 400 na 6. Ukivijumlisha ni 454. Ukivizidisha ni 44,352,000. Kwa nini nibebe zao wakati jumla inatosha? Mtu akiandika "yatakipika" kwenye simu, programu haina haja ya kuwa na neno hilo popote. Inahitaji kulishika mwanzoni na kuuliza: kuna nafsi inayoanza hivi? Ya. Kilichobaki kina njeo? Ta. Rejeshi? Hamna. Yambwa? Ki. Mzizi? Pik. Mwisho? A. Pita. Njia hii ina wenyewe: Kimmo Koskenniemi wa Helsinki aliitolea tasnifu mwaka 1983, akianzia na Kifini chao, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki akaitumia kwa Kiswahili kwenye mfumo wake wa SALAMA. Hunspell, inayokagua tahajia ndani ya LibreOffice na Firefox, nayo huhifadhi mashina na kanuni za viambishi badala ya kuorodhesha maneno, kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya Kihungari, lugha nyingine yenye mikia mirefu.

Sasa programu iko kwenye simu ya Shangazi. Ananitumia meseji usiku akilipata neno la kuitega. Alianza na "kikikipika", ikapita, akatuma alama ya vema. Juzi akaandika "fisi anakula". Programu ikarudisha majibu mawili kwa neno la pili: a-na-kula na a-na-ku-la. Sikumwelezea chochote. Baada ya dakika kama tatu simu ikalia.

"Mwanangu," akasema, "hii programu yako inauliza fisi yuko mezani au yuko mlangoni kwangu."

Nikamwambia ndiyo, Shangazi, ndiyo swali lenyewe.

"Basi ngoja nikafunge mlango, halafu nikutumie jingine."